Weka Jagi Chini Kwanza

Kila baraza lina mtu wa jagi. Ni yule ambaye jani likiinama tu, keshafika na maji. Hagusi udongo, hanyanyui chungu, haulizi. Amemwagilia asubuhi, mchana ua likazidi kulegea, basi anarudi na jagi la pili, na jioni anaongeza la tatu kwa huruma. Wiki haijaisha majani yameshakuwa manjano, shina limelainika pale linapoingia udongoni, na mtu wa jagi anawaeleza majirani kwa masikitiko kwamba jua la mwaka huu ni kali. Jua halihusiki. Ua limezamishwa, na aliyelizamisha ndiye anayelia zaidi matangani.

Mwongozo huu ni wake, na zaidi ni wa maua yake: waridi, asmini, jeraniamu, jerebera, haidranjia, anturiamu, waridi la jangwani na mengine yote yanayoweza kuishi mwaka hadi mwaka ndani ya chungu, ndoo ya rangi iliyokwisha kazi au dumu lililokatwa kichwa. Maua haya hayakuumbwa yafe kila masika na kununuliwa upya kila Julai. Yakiwa na mizizi mizima, mengi huchanua barazani miaka na miaka. Yanayokufa mikononi mwetu, mengi tumeyaua sisi wenyewe, tena kwa mapenzi.

Basi sharti la kwanza: weka jagi chini. Mpaka ujue ua linaumwa nini, maji ni marufuku.

Ua hulegea maji yanayotoka majanini yakizidi yale yanayopanda kutoka mizizini. Hilo ndilo pekee jani linalokwambia. Halikwambii kwamba udongo ni mkavu. Huenda ni mkavu kweli. Huenda pia udongo umejaa maji na mizizi imeoza, haina tena cha kunywea. Huenda chumvi imejaa chunguni, au mishipa ya ndani ya shina imezibwa na bakteria. Katika hali zote hizo jani huinama vilevile, kwa sura ileile. Anayetazama jani peke yake akakimbilia jagi ni sawa na anayemeza dawa ya malaria kila apatapo homa, bila kupima.

Kipimo cha kwanza hakihitaji kifaa, kinahitaji kuamka. Nenda kwenye chungu saa kumi na mbili na nusu asubuhi, jua likiwa bado chini. Ua lililokuwa limelegea jana saa nane mchana, na sasa limesimama, halina ugonjwa. Joto lilikuwa likilinyonya maji haraka kuliko mizizi ilivyoweza kuyapandisha, na usiku likajilipa. Haidranjia yenye majani yake mapana hufanya hivyo karibu kila siku ya jua kali, hata kwenye baridi ya Lushoto au Limuru. Hapo hamisha chungu kiende penye kivuli cha mchana, na jagi libaki jikoni. Ua lililoamka bado limelegea ndilo mgonjwa, na kwa hilo tunaendelea.

Kipimo cha pili ni kidole. Sisemi ncha ya kidole inayopapasa juu na kutoa hukumu. Kwenye upepo wa pwani udongo wa juu hukauka kwa saa chache, huku chini ukiwa tope. Zamisha kidole mpaka kiungo cha pili. Chungu kikiwa kirefu, chukua kijiti cha mshikaki, kichomeke karibu na ukingo hadi chini, kiache kama dakika kumi, kisha kichomoe ukitazame. Kikitoka kikavu, udongo ni mkavu. Kikitoka kimelowa na kushikwa na udongo, chini kuna maji. Kikitoka kinanuka, jibu umeshalipata. Mwisho nyanyua chungu. Kikavu huwa chepesi kuliko ulivyotarajia, na kilichojaa maji hukuvunja mgongo. Ukizoea kunyanyua chungu chako, huhitaji kipimo kingine chochote cha maji.

Ukikuta ukavu, una mgonjwa mwepesi. Lakini hata hapa mtu wa jagi anaweza kukosea. Udongo uliokauka kupita kiasi, hasa wenye mboji nyingi au makumbi ya nazi yaliyosagwa, huyakataa maji. Udongo wa mfinyanzi nao husinyaa ukaachana na kuta za chungu. Ukimwaga maji juu, yanateremka pembeni na kutokea chini mara moja, mwenyewe anayaona yakichuruzika na kuridhika kwamba ua limeshiba. Halijaonja kitu. Weka chungu ndani ya beseni lenye maji yanayofika nusu ya kimo chake, kiache nusu saa mpaka viputo viishe, kisha kitoe kichuruzike vizuri. Jioni hiyohiyo majani yatainuka.

Ukikuta majimaji na ua limelegea, hapo ndipo penye kazi, na hapo ndipo maua mengi ya mjini yanapofia.

Mizizi hupumua. Inahitaji oksijeni iliyomo kwenye vinafasi vya hewa kati ya chembe za udongo. Vinafasi hivyo vikijaa maji, oksijeni haipiti, kwa kuwa ndani ya maji hupenya polepole mara 10,000 hivi kuliko inavyopenya hewani. Zinazokufa kwanza ni zile ncha changa na vinyweleo vyake, yaani sehemu hasa zinazonyonya maji. Ua linakufa kwa kiu huku limesimama ndani ya maji. Mtu wa jagi anaona kiu, anaongeza maji, na kila jagi linafunga mlango mwingine wa hewa.

Kisha wanakuja wageni. Mizizi iliyodhoofika huvamiwa na vimelea viitwavyo Pythium na Phytophthora, ambavyo watu wengi huviita ukungu ingawa si kuvu halisi. Ukoo wake uko karibu zaidi na mwani wa kahawia, na tabia zake zinaonyesha hivyo: mbegu zake ndogo zisizoonekana kwa macho zina mikia miwili, na huogelea ndani ya maji ya udongo kutoka mzizi huu hadi mwingine. Ukiacha chungu kimejaa maji, umevichimbia bwawa la kuogelea. Ndugu yao mmoja, Phytophthora infestans, ndiye aliyeozesha viazi vya Ireland kuanzia mwaka 1845, na ndiye yuleyule anayetia weusi kwenye nyanya na viazi vyetu wakati wa mvua. Huu si ukoo wa kuuchekea.

Sasa litoe ua. Watu wanaogopa hatua hii wakidhani wanaliumiza, kumbe kuoza kunakoendelea kimyakimya ndiko kunakoliumiza. Pitisha vidole viwili pande zote za shina, funika udongo kwa kiganja, pindua chungu, gonga ukingo wake kwenye ngazi ya baraza. Donge litateleza. Litazame kwa makini kabla hujaligusa. Mzizi mzima ni mweupe au wa rangi ya maziwa yaliyochujuka, ni mgumu, na ukiuvuta unakaza. Mzizi uliooza ni wa kahawia au mweusi, unateleza vidoleni, na hunuka uchachu na uozo. Ushike mmoja kati ya kidole gumba na cha shahada, uvute taratibu. Ganda lote la nje litavuka na kubaki mkononi mwako, na katikati kutabaki kijiuzi chembamba kinachoning'inia. Ukikiona kijiuzi hicho, shaka imekwisha: mizizi imeoza. Kuna mizizi ambayo kwa asili ina rangi ya kahawia, kwa hiyo usihukumu kwa rangi peke yake. Ugumu, harufu na kijiuzi ndivyo vinavyotoa ushahidi.

Mimea mingine hutoa ushahidi hata kabla hujaipindua. Jeraniamu iliyoshikwa na Pythium huwa nyeusi tii na kung'aa kwenye shina, kuanzia udongoni kupanda juu. Waridi la jangwani, lile lenye kiuno kinene, ukilibonyeza kiunoni likabonyea kote sawasawa na ngozi yake ikawa na mikunjo, lina kiu. Likibonyea mahali pamoja tu, pakiwa na weusi na majimaji, limeoza ndani. Likipukutisha majani wakati wa baridi na ukavu huku kiuno kikiwa kigumu, limepumzika tu, liacheni. Mmea huu ni wa nyika zetu kavu wenyewe, hauhitaji kufundishwa kuvumilia ukame.

Kuna na lile ua dogo la zambarau lenye majani ya manyoya, ambalo leo liko kwenye madirisha ya dunia nzima chini ya jina la vayoleti ya Afrika. Ni la kwetu, la Tanga na milima ya Usambara. Ofisa wa Kijerumani Walter von Saint Paul-Illaire alilipeleka Ujerumani mwaka 1892, na mwaka uliofuata mtaalamu Hermann Wendland akalipa jina la kisayansi, Saintpaulia, kwa heshima yake. Kule porini linaota kwenye nyufa za miamba yenye kivuli, likishikilia kuvumwani na majani yaliyooza kidogo tu. Maji hupita, hayakai. Mtu analinunua, analipandikiza kwenye udongo mwekundu wa shambani ndani ya chungu kikubwa cha kung'aa kisicho na tundu, kisha anashangaa kitovu chake kimeoza. Ukilitazama lilikotoka, hutashangaa.

Tukifika kwenye chungu, naomba niseme kwa sauti kubwa. Chungu kisicho na tundu ni bakuli. Kwenye bakuli tunaweka mchuzi, hatuweki waridi. Kile chungu kizuri cha kauri kinachofunika kile cha plastiki cha ndani nacho kina hatari yake. Chini yake hukusanyika maji yasiyoonekana, na mizizi inalala humo usiku na mchana. Kila ukimwagilia, toa cha ndani, acha kichuruzike, kisha ukirudishe. Na ile sahani ya chini, yenye maji yaliyotuama tangu juzi, imwage leo. Mbali na kuozesha mizizi, ni kitalu cha mbu aina ya Aedes wanaoeneza dengue, ugonjwa ulioisumbua Dar es Salaam mwaka 2014 na tena 2019.

Halafu kokoto. Mafundi wengi wa bustani watakwambia uweke tabaka la kokoto chini ya chungu ili maji yatoke. Wanasema kwa nia njema, lakini maji hayafanyi hivyo. Maji yakishuka kwenye udongo wenye vinafasi vidogo na kukuta kokoto zenye vinafasi vikubwa, yanasita hapo mpakani, hayadondoki mpaka udongo wa juu ujae kabisa. Ile sehemu iliyolowa ambayo ingekaa chini kabisa ya chungu sasa imepandishwa juu, karibu zaidi na mizizi, na nafasi ya udongo imepunguzwa bure. Kokoto zako zirudishe uani. Kinachotoa maji ni tundu, pamoja na udongo wenye chembe kubwa kuanzia juu hadi chini.

Udongo wenyewe usiuchimbe nyuma ya nyumba ukaujaza chunguni hivihivi. Udongo mwekundu unaofanya vizuri shambani hushikamana ukawa tofali ndani ya ndoo, baada ya miezi michache ya kumwagiliwa. Changanya sehemu mbili za udongo tifutifu, moja ya mboji iliyoiva, na moja ya mchanga mkubwa wa mtoni au pumba za mpunga zilizochomwa nusu. Mchanga wa baharini usiuguse, una chumvi. Waridi la jangwani lipe mchanga na chenga nusu nzima au zaidi. Na mche mdogo usiuweke kwenye pipa kwa matumaini kwamba utakua. Udongo usio na mizizi haunywewi maji, hukaa umelowa siku nyingi ukingoja kuoza. Panda ngazi polepole, kila mara chungu kipana kidogo tu kuliko donge.

Kabla ya kuhukumu, lakini, ondoa washukiwa wengine. Ua likinyauka ghafla likiwa bado la kijani, na mizizi ni mizima, kata shina, ninginiza kipande ndani ya glasi ya maji safi, usitikise. Ukiona uzi wa ute mweupe kama maziwa ukishuka kutoka kwenye mkato, huo ni mnyauko bakteria, kazi ya Ralstonia, yuleyule anayewaangusha wakulima wa nyanya na viazi. Hana dawa. Mwaka 2003 Marekani iligundua bakteria huyo kwenye vipandikizi vya jeraniamu vilivyotoka Kenya, na mimea mingi sana ikateketezwa kwenye mabanda ya wakuzaji kule. Kama nchi nzima ilichoma, nawe choma, pamoja na udongo wake, na chungu kisipandwe nyanya wala bilinganya. Mkato ukiwa na duara la kahawia bila ute, shuku Fusarium, kuvu anayeziba mishipa. Mizizi ikiwa na vifundo vilivyovimba, ni minyoo fundo, na mara nyingi wameingia na udongo wa bustani ya mboga.

Chumvi huwasumbua sana watu wa pwani. Maji ya visima vingi vya Dar es Salaam, Mombasa na Unguja yana chumvi, na chumvi ikizidi kwenye udongo huyazuia maji yasiingie mizizini hata yakiwapo. Utaona ukoko mweupe juu ya udongo na kwenye kuta za chungu cha udongo, na kingo za majani zimeungua. Kinga maji ya mvua, yamwage chunguni taratibu kiasi cha mara mbili ya ujazo wa chungu, yote yatoke chini. Mbolea ya dukani ikitiwa kwa kijiko cha kupakulia wali huleta madhara yaleyale, na samadi mbichi pia. Kopo jeusi linalopigwa na jua la saa nane nalo hupika mizizi, kwani ndani yake joto linaweza kupita nyuzi 40. Liweke ndani ya kikapu au nyuma ya chungu kingine.

Sasa uokoaji. Suuza mizizi kwa maji yanayotiririka. Chukua mkasi uliofutwa kwa spiriti, kata kila kilichooza mpaka ufike kwenye weupe mgumu, na usione huruma. Ukiacha kipande kilichooza umeacha mbegu ya ugonjwa. Mizizi ikipungua nusu, punguza na majani kwa kiasi hichohicho, maana mizizi michache haiwezi kulisha kichwa kikubwa. Udongo wa zamani utupe mbali na maua mengine. Chungu kisugue, kisha ukiloweke kwenye maji yenye dawa ya klorini ya kufulia, sehemu moja ya dawa kwa tisa za maji, halafu ukisuuze. Panda upya kwenye udongo mpya wenye unyevu wa wastani, tena kwenye chungu kidogo kuliko cha mwanzo. Kivuli chenye mwanga, hakuna mbolea mpaka chipukizi zitokee, na maji ni pale tu kijiti kinapotoka kikavu. Waridi la jangwani lililokatwa uozo lisipandwe papo hapo, liachwe kivulini siku kadhaa mpaka kidonda kikauke.

Ikiwa mizizi yote imekwenda, jeraniamu bado ina vichwa: kata ncha zisizo na weusi, zichomeke kwenye mchanga safi. Vayoleti ya Afrika ina huruma zaidi, jani moja zima na kikonyo chake linatosha kuzaa mmea mpya.

Kuhusu dawa, usiende duka la pembejeo ukasema tu unataka dawa ya ukungu. Metalaksili huzuia Pythium na Phytophthora, haimgusi Fusarium. Kabendazimu ni kinyume chake. Na hakuna dawa yoyote inayofufua mzizi uliokufa au kutoboa chungu. Majani ya chai yaliyotumika, maji ya kuoshea mchele, soda iliyobaki na maziwa yaliyoganda, vyote hivyo ambavyo shangazi wa kila mtaa anaviapia, juu ya mizizi iliyooza vinaongeza unyevu na kuita vile vijinzi vyeusi vinavyoruka ukigusa chungu. Vipeleke kwenye shimo la mboji. Vikishaoza huko, vina faida.

Mmea mzima umwagilie mpaka maji yatoke chini, kisha uuache mpaka uhitaji tena, iwe ni baada ya siku mbili au tisa. Kikombe kimoja kila asubuhi kwa ratiba ni desturi ya mwenye jagi, mmea hauna saa. Masika ikianza Machi, ingiza vyungu chini ya paa au vilaze ubavu usiku wa mvua kubwa, na vyote viinuliwe juu ya vipande vya tofali ili tundu lipumue.

Nanyi mnaouza vyungu kando ya barabara, vile vya kung'aa vyenye nakshi: tafadhali toboeni kabla ya kuuza. Tundu la upana wa kidole, moja kwa chungu kidogo, matatu au manne kwa kikubwa. Mteja akilalamika kwamba maji yatachafua vigae vya sebule yake, mwambieni sakafu hupigwa deki.